GoPro mtaani Kariakoo: picha imeharibikia wapi?

Mtu ameazima GoPro, au amenunua iliyokwishatumika, akaipeleka Kariakoo asubuhi kutafuta picha za mtaa. Jioni anazifungua kwenye kompyuta na nyingi hazimpendezi: watu wamekuwa wadogo, nyuso ni nyeusi, nyingine zimetikisika. Anaamua kwamba kamera ni mbovu. Mara nyingi ni nzima. Ameitumia kama simu, nayo si simu.

Nick Woodman alianzisha kampuni ya GoPro mwaka 2002 akitafuta kamera ya kufunga mkononi mtu anapoteleza juu ya mawimbi, na HERO ya kwanza ya mwaka 2004 ilitumia filamu ya milimita 35. Filamu imekwisha, menyu zimeongezeka, lakini kamera bado inafikiri iko baharini: inategemea kitu kiwe karibu sana na jua liwe kali. Dalili nyingi zilizoko hapa chini zinatokana na kukosekana kwa kimoja kati ya hivyo viwili. Nazungumzia hasa HERO5 ya mwaka 2016, iliyoanza kutoa picha za RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), hadi HERO12 ya mwaka 2023. DJI Osmo Action na Insta360, ambazo mtaani nazo huitwa GoPro tu, zina tabia hizohizo ingawa majina ya menyu hutofautiana.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fanya jaribio moja. Saa tatu asubuhi, simama Mtaa wa Msimbazi jua likiwa mgongoni mwako. Mpige rafiki yako picha akiwa hatua moja na nusu kutoka ulipo, kisha hatua nne, kisha akiwa ng'ambo ya barabara. Ingieni kivulini mrudie vilevile. Ikiwa ile ya karibu ya juani ni safi na zilizobaki zinazidi kuchoka, kamera haina tatizo, endelea kusoma. Ikiwa hata hiyo ya karibu ina ukungu, futa lenzi kwanza, halafu nenda moja kwa moja mwisho wa mwongozo huu.

Kila kitu kimeingia, ila hakuna kinachoonekana

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayetoka kwenye simu. Ulimwona mbeba mizigo akipita na marobota kichwani, ukabonyeza. Kwenye picha kuna lami, anga, nyaya za umeme, vibanda vitatu, na katikati kuna kitu kidogo ambacho ukikikuza sana utagundua ni mbeba mizigo.

Chanzo ni upana wa lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi ya kama milimita 24 hadi 26 kwa kipimo cha filamu ya 35, na namba hiyo ikishuka mandhari inapanuka. GoPro ikiwa kwenye Wide, chaguo pana la menyu, inashuka hadi milimita 16 hivi, na kwenye Linear, ambayo hunyoosha mistari iliyopinda, ni kama 19. Kwa Linear, mtu aliye mita 4 mbele yako anasimama ndani ya mandhari yenye upana wa takribani mita 7. Mabega yake ni nusu mita. Unategemea aonekane vipi?

Wengi hukimbilia Narrow, iliyo karibu na milimita 27. Inasaidia, lakini ujue inachofanya: haina lenzi nyingine ndani, inakata pembeni na kukuza kilichobaki. Kwa umbali wa mita 4 juani utapata picha ya kutosha mtandaoni. Kwa kuchapisha kubwa, utaona upungufu.

Tiba ya kweli ni miguu. Kwa Linear, sogea hadi mita moja na nusu. Hapo mandhari inabaki na upana wa chini ya mita 3, mtu wako anachukua nafasi, na bado mtaa unaonekana nyuma yake, jambo ambalo simu haitoi kwa urahisi. Mita moja na nusu kwa mtu usiyemjua ni karibu mno, na ndiyo maana wengi huishia kuilaumu lenzi. Lakini Mtaa wa Kongo wenyewe umebana kiasi kwamba umbali huo ndio wa kawaida kati ya mpita njia na machinga. Hakuna atakayeshangaa umesimama hapo. Anza huko, wala usianzie Barabara ya Samora ambako watu wametawanyika na kila anayesogelewa anahisi amefuatwa.

Ukishasogea, tatizo jingine linazaliwa: aliye katikati yuko sawa, aliye pembeni kichwa kimevutika kama papai. Usimweke mtu kwenye robo ya pembeni ya picha, basi. Pembeni weka ukuta, mkokoteni, rundo la mitumba. Na shika kamera wima usawa wa kifua, usiiinamishe wala kuiinua, maana ukiinua kidogo tu majengo yote yanaegemea ndani kana kwamba yataanguka.

Juani ni safi, kivulini zimetikisika

Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo. Tundu la lenzi la GoPro halifunguki wala halifungi. Kwa HERO5 hadi HERO8 ni f/2.8, kwa HERO9 na zilizofuata f/2.5 (namba ndogo ni tundu pana zaidi). Kwa hiyo kamera inarekebisha mwanga kwa vitu viwili tu: kasi ya shata, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga, na ISO, yaani kiasi ambacho mwanga huo unakuzwa. Kwenye jua la saa nne asubuhi, kwa ISO 100, kasi inayohitajika ni kama sehemu ya 3000 ya sekunde au zaidi. Kwa kasi hiyo hata bodaboda anaganda hewani. Ukiingia chini ya turubai mwanga unaporomoka mara kumi, ishirini au zaidi, na ndani ya duka la vitambaa unaweza kujikuta kwenye sehemu ya 30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mtu anayetembea hawezi kutulia, na wewe mwenyewe unatembea.

Kilichokosewa ni kwamba kamera ikiachiwa uamuzi wote hupenda kuweka ISO chini ili picha iwe laini, na inamtoa mhanga mpita njia. Lazima uilazimishe. Ukiwa kivulini pandisha ISO Min hadi 400. Shata itabaki Auto lakini itapata nafasi ya kwenda haraka. ISO Max iwe 1600. Kama watu wanatembea kwa kasi, weka shata mwenyewe kwenye 1/250, na kama nawe unatembea, 1/500. Picha itakuwa na chenga kidogo. Chenga husameheka, uso uliotikisika haurekebishiki kwa programu yoyote.

Na usitegemee HyperSmooth. Ule utulivu unaosifiwa tangu HERO7 ya mwaka 2018 ni wa video: unapanga fremu upya moja baada ya nyingine. Hauwezi kumtuliza mtu aliyetikisika ndani ya fremu moja.

Ghafla picha zote nyeupe pepepe

Ulifunga shata kwenye 1/250 ukiwa dukani, ukatoka juani ukasahau. Kamera haina tundu la kufunga, na ISO imekwishafika kikomo chake cha chini, kwa hiyo mwanga uliozidi unaingia wote. Rudisha shata kwenye Auto na ISO Min kwenye 100. Ukitaka kwa makusudi shata ya polepole mchana, labda kupata mwendo wa mkokoteni, ni lazima ufunge kichujio cha ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga, mbele ya lenzi. Hakuna mlango mwingine.

Anga zuri, nyuso nyeusi

Sisi huku tunalijua tatizo hili kuliko waliotengeneza kamera. Lenzi pana inakula anga jingi, na anga la Dar es Salaam mchana ni jeupe kuliko la bluu. Kamera inapima wastani wa mwanga wa picha nzima, inaona weupe mwingi, inapunguza. Anayeumia ni mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama katikati, hasa akiwa amevaa kofia, na zaidi akiwa amevaa kanzu nyeupe.

Saa nayo inachangia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, kati ya saa sita na saa saba mchana jua linakaa juu ya utosi kabisa. Macho yanageuka mashimo meusi. Hakuna mpangilio wa kutibu hilo. Nenda ukanywe chai.

Kwa saa nyingine, tiba ya kwanza ni kubadilisha upande: geuka ili nyuma ya mtu kuwe na ukuta, duka au vitambaa badala ya anga. Hilo pekee linaokoa nusu ya picha. Tiba ya pili, gusa skrini na ushikilie kidole hadi mabano yatokee, uyaburute yakae usoni. Kamera itapima hapo badala ya picha nzima. Hii inafaa kwa mtu aliyetulia, kama mshona viatu au muuza kahawa. Kwa mtaa unaokwenda mbio haiwezekani, kwa hiyo weka EV Comp, inayoongeza au kupunguza mwanga wa picha nzima, kwenye +0.5 uiache hapo. Wapiga picha wengi wa nje hushauri kuweka minus ili kulinda anga. Mimi anga la Kariakoo silihitaji, ninahitaji uso.

RAW inasaidia pia. Faili lake huishia na GPR, na Lightroom ya kompyuta hulifungua bila shida. Unaweza kuvuta mwanga wa uso juu bila kuharibu rangi ya ngozi kiasi ambacho JPEG ingeharibu. Ubaya wake ni kwamba faili ni kubwa na kamera inasita kidogo kati ya picha na picha.

HDR na SuperPhoto je? Kwa jengo tupu, sawa. Jaribu sanamu ya Askari pale Samora asubuhi mapema utafurahi. Kwa umati, hapana. HDR huunganisha picha zaidi ya moja, na mtu aliyesogea kati ya hizo hutoka na kivuli cha mkono wa tatu. SuperPhoto nayo huamua yenyewe lini itafanya hivyo, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi. Weka Standard, yaani picha moja ya kawaida, au RAW.

Watu wa rangi ya bluu

Turubai. Machinga wamefunika vibanda kwa maturubai ya bluu na miavuli mikubwa ya rangi, jua linapita humo na kumwagika kwenye nyuso. Macho yako yanasahihisha bila kukuambia; kamera hurekodi rangi kama ilivyo. White Balance ya Auto, inayosawazisha rangi ya mwanga, inajaribu, lakini upande mmoja wa picha uko chini ya turubai na mwingine uko juani, hivyo ikisahihisha uso, barabara inageuka rangi ya chungwa. RAW haitibu kabisa kwa sababu ni mwanga wa aina mbili ndani ya picha moja. Msubiri mtu asogee kwenye ukingo wa kibanda, pale mwanga wa nje unapomgusa usoni. Ikishindikana, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Si ujanja wa kukwepa; nyuso nyingi chini ya turubai hupendeza zaidi hivyo.

Mistari ya giza imekatiza picha

Inatokea ndani ya maduka yenye taa za LED au mirija. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na kamera iliyonunuliwa Marekani huja imepangwa kwa 60. Badilisha Anti-Flicker iwe 50Hz. Kama mistari bado ipo, shata yako ina kasi kuliko mpepeso wa taa: shuka hadi 1/125 au iache Auto.

Usiku ni chenga tupu

Ndiyo. Kihisi ni kidogo. Hata HERO11 na HERO12, zenye megapikseli 27, zina kihisi cha ukubwa wa 1/1.9 ya inchi, na megapikseli haziongezi mwanga. Simu ya kisasa itakushinda. Kama ni lazima, mweke mtu karibu na chanzo cha mwanga, jiko la muuza mishikaki au taa ya kibanda cha chipsi, ISO Max 1600, na ukubali giza libaki giza.

Ukungu mchana kweupe

Nusu ya kesi hizi ni jasho na mafuta ya vidole. Kamera yenyewe ni ndogo, kila ukiitoa mfukoni unashika kioo chake cha mbele. Beba kitambaa laini cha miwani, si ncha ya shati, kwa sababu vumbi la barabarani ni mchanga na linakwaruza. Kioo cha mbele kikikwaruzika, picha zinazoelekea jua huwa na mng'ao wa maziwa. Kwenye HERO9 na zilizofuata kinatolewa na kubadilishwa, kwenye HERO8 hakitoki.

Nusu nyingine ni unyevu. Umetoka kwenye gari au ofisi yenye kiyoyozi, kamera ni ya baridi, hewa ya pwani ina maji mengi: lenzi inatoa jasho. Ukungu wa nje unafutika, wa ndani haufutiki. Iache mfukoni ipate joto la mwili kabla ya kuitumia. Kama ukungu uko ndani na unarudi kila mara, fungua kijimlango cha betri ukiwa sehemu kavu na ulale nayo ndani ya chombo chenye vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na angalia raba ya kijimlango hicho. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuifanya kamera isiyoingiza maji hadi mita 10 iingize mvua ya Aprili.

Nimebonyeza, tukio limeshapita

Ukiizima kamera kila mara ili kutunza betri, hutapata tukio hata moja, kwa sababu kuwaka kunachukua sekunde na mtaa hausubiri. Iwashe unapoingia mtaa, izime unapotoka. Beba betri ya ziada badala ya kubana hii iliyopo. Zima Wi-Fi na, kwa zenye GPS, zima hiyo pia. Zima milio na taa za kuashiria, zinageuza vichwa. Funga skrini kwa kutelezesha kidole kutoka juu, vinginevyo jasho la kiganja litabadilisha hali ya kamera bila wewe kujua.

Kama bado unachelewa, piga video ya 4K kisha toa fremu. Fremu moja ya 4K ni megapikseli 8.3, inachapishika vizuri kwa upana wa sentimita 32 hivi. Tatizo ni kwamba video ikiachwa Auto kivulini hupenda shata ya polepole, na fremu zote zitakuwa na mtikisiko uleule tulioukimbia. Weka shata ya video kuwa 1/480 kwa fremu 30; video itaonekana inarukaruka, lakini fremu zitakuwa safi. Binafsi sipendi njia hii. Unarudi nyumbani na maelfu ya fremu na hujachagua hata moja ukiwa mtaani, kazi yote imehamia mezani.

Memori kadi na joto

Ujumbe wa SD ERR, picha zinazopotea, kamera inayoganda: shuku kadi kabla ya kamera. Kadi bandia zinazodai GB 256 zipo tele, na huandika vizuri mpaka zifike ukubwa wake halisi kisha zinaanza kufuta za zamani kimyakimya. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuiamini. Nunua yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika, na ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Kuhusu joto: kamera nyeusi ikitulia juani ikirekodi 4K itazima. Kwa picha za kawaida ni nadra.

Watu wanageuka, wengine wanafoka

Hii nayo ni dalili, na chanzo chake mara nyingi ni mkanda wa kifuani. Kamera ikiwa kifuani inaonekana kama unarekodi kwa siri, na Kariakoo imerekodiwa vya kutosha na watu wa mitandaoni ambao hawakuomba. Ivue, ishike mkononi, ionekane. Salimia kwanza. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini" inafungua milango mingi kuliko lenzi yoyote, kwa kijana, "Kaka, mambo? Naomba picha moja na mzigo wako." Akikataa, asante na nenda. Akikubali, muoneshe kwenye skrini. Ni kweli picha ya aliyeombwa si ileile ya asiyejua, lakini ukikaa pale dakika chache atakusahau na kurudi kwenye wateja wake. Hapo ndipo upige.

Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu inaweza kuingia humo, hasa ukiitumia kibiashara. Kumbuka pia kwamba lenzi hii inaona usichokilenga: umempiga muuza machungwa, nyuma yake kuna kituo cha polisi. Maeneo ya polisi, jeshi, bandari na Ikulu yaache, hata kama yameingia kwenye kona tu.

Lini ni ubovu kweli

Piga ukuta wa matofali juani, kamera ikiwa juu ya kitu kilichotulia, umbali wa mita mbili, mara kadhaa. Ikiwa kona ileile ina ukungu katika picha zote huku kona nyingine ni safi, lenzi imehama, pengine ilianguka. Ikiwa picha nzima haijatulia hata hapo, na kioo ni safi, lenzi haijakaa sawa; focus ya kamera hizi nyingi imefungwa kiwandani, hakuna cha kuzungusha. Doa linalobaki sehemu moja hata ukibadilisha kioo cha mbele liko ndani. Betri inayosukumwa ili iingie, au kijimlango kisichofunga bila kubonyezwa, inaonyesha betri imevimba: itoe na usiichaji tena. Ukinunua iliyotumika, fanya jaribio la ukuta mbele ya muuzaji, kwa kadi yako mwenyewe, kabla hujatoa pesa.